Maswali kwa Bi Fundi: Kitambaa cha meza chenye lesi, kikafuliwa na kikabaki sawa

Shikamoo Bi Fundi. Nina meza ya kulia ya watu sita, urefu sentimita 150 na upana 90. Mdogo wangu anaolewa na wakwe watakula kwangu, basi nikashona kitambaa cheupe cha tetroni, nikakizungushia lesi ya pamba, na katikati nikapitisha mistari miwili ya mshono wa urembo kwa cherehani yangu ya umeme. Ile mistari ilijikunja palepale nilipokuwa nashona. Lesi ilikaa vizuri mpaka nilipofua. Sasa kingo zote zimevutana na kona zimeinuka. Nataka kushona kingine, lakini kwanza nijue tatizo ni nini. Msomaji, Morogoro.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa shughuli. Kitambaa chako kina maradhi mawili tofauti, na usiyatibu kwa dawa moja.

Nianze na lesi. Tetroni ni pamba iliyochanganywa na polista, na polista haisinyai kwa maji tunayofulia nyumbani. Lesi ya pamba husinyaa, hasa ikiingia majini mara ya kwanza. Ulipoviunganisha vilikuwa na urefu mmoja. Ulipofua, kitambaa kikabaki pale pale na lesi ikarudi nyuma, ikakivuta. Hakuna mshono wa kuzuia jambo hilo, hata ukishona mara tatu. Dawa yake iko kabla ya mkasi: loweka lesi kwenye maji ya moto na sabuni, iache humo mpaka maji yapoe, suuza, kisha ilaze kivulini ikauke. Usiitundike kwenye kamba, maana uzito wa maji utairefusha na utarudi ulikotoka. Kitambaa nacho kioshe hivyo hivyo, hasa ukichukua pamba tupu au marekani, ambayo husinyaa sana.

Bora zaidi, oanisha vitu vya asili moja: pamba kwa pamba, polista kwa polista. Wauzaji wa Kariakoo, au wa Mtaa wa Biashara kwa walio Mombasa, watakuambia kila lesi ni pamba. Omba wakukatie kipande kidogo, nenda nacho nyumbani, uchome uzi mmoja kwa kiberiti. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi, na majivu yake husagika kwenye vidole. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitu hicho hicho kitakukumbusha kwa nini lesi ya polista haitaki pasi ya moto wa pamba.

Kwa kitambaa cha kula watu, mimi nachagua lesi nzito isiyo na wavu, ile ambayo maua yake yameshikana yenyewe kwa yenyewe. Lesi hiyo hutariziwa kwa mashine juu ya kitambaa kingine, kisha kile cha chini huyeyushwa kwa dawa na yakabaki maua matupu. Viwanda vya Uswisi na Ujerumani viliianza miaka ya 1880. Lesi ya wavu mwembamba ni nzuri kwenye gauni la bibi harusi, lakini mezani pete ya mgeni mmoja inatosha kuitoboa.

Sasa vipimo, na hapa nakuomba uchukue kalamu. Kimo cha meza ya kulia ni kama sentimita 75, na kiti chake ni kama 45. Kati yao kuna sentimita 30. Kitambaa kikining'inia zaidi ya hapo kitaanguka mapajani mwa mgeni, na akinyanyuka atanyanyuka nacho pamoja na mchuzi. Tuchukue sentimita 25 kila upande, lesi ikiwa ndani ya hesabu. Chagua lesi ya upana wa sentimita 7: moja itajificha chini ya upindo, sita zitaonekana. Hivyo kitambaa chenyewe kinashuka sentimita 19. Kikishakamilika bila lesi kitakuwa 188 kwa 128. Ongeza sentimita 2 kila upande za upindo, ukate 192 kwa 132. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinakutosha bila kiungo.

Ukipata cha upana wa 115 tu, tafadhali usiunge katikati ya meza. Weka kipande kizima katikati na vipande viwili sawa pembeni, ili viungo vyote viwili viangukie sehemu inayoning'inia.

Lesi hesabu hivi: mzunguko wa kitambaa ni sentimita 632. Kila kona inakula lesi ya ziada mara mbili ya upana unaoonekana, yaani 12, na kona ni nne, kwa hiyo 48. Ongeza 5 za kufungia mwanzo na mwisho. Jumla 685. Kwa sababu itasinyaa, nunua mita saba na nusu. Wakikupimia kwa yadi, sema nane na nusu, na isiwe vipande. Kiungo cha lesi kikiangukia mbele ya mkwe, jicho lake halitaona kingine.

Kukata: usifuate chaki peke yake. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Utaacha mstari mwembamba wazi, na huo ndio mstari wa kweli. Kata hapo. Kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka kila kinapopigwa pasi, na meza yenye pembe nne haifichi kitu.

Maradhi ya pili ni ile mistari iliyojikunja. Mshono wa urembo una nyuzi nyingi katika nafasi ndogo. Kila sindano inapokwenda kushoto na kurudi kulia inavuta kitambaa kiwe chembamba. Ukiushona juu ya tetroni moja, bila kitu chini, lazima ujikunje. Na hapa ndipo ninapokutaka ubadilishe mpango mzima. Wewe ulishika lesi kwa mshono wa kawaida, halafu ukatafuta mahali pengine pa kuweka urembo. Uhamishe urembo uje kwenye upindo, uwe ndio unaoshika lesi. Pale kuna tabaka tatu za kitambaa na lesi chini yake. Upindo wenyewe unakuwa ugumu unaouhitaji mshono, na hautajikunja. Tena mshono wa zigizaga, au wowote unaokwenda huku na huku, unashika lesi kwa upana wake wote badala ya kwenye mstari mmoja unaokatika. Urembo unaofanya kazi hudumu. Nimeona vitambaa vya miaka mingi vilivyofifia rangi, na lesi bado imeng'ang'ania mahali pake kwa sababu hiyo tu.

Fanya hivi. Kunja upindo sentimita moja, kunja tena moja kwenda nyuma, piga pasi. Kwenye kona punguza kitambaa cha ndani kwa mkasi ili usipate donge ambalo sindano itavunjikia. Ingiza lesi chini ya upindo sentimita moja na uishike kwa bandi, yaani mshono mrefu wa mkono wa kufumuliwa baadaye, mzunguko wote, kwa uzi wa rangi nyingine. Najua wengi mnaruka bandi na kutumia pini. Kwa gauni sawa. Kwa mita saba za lesi, pini zitakuchoma, zitateleza, na mwisho lesi itakuwa imesukumwa mbele na meno ya cherehani huku kitambaa kimebaki nyuma.

Ukifika kona, usiivute lesi izunguke. Ipitishe mbele ya kona, ikunje irudi juu yake yenyewe, kisha igeuze ifuate upande wa pili. Utaona pembetatu imejitengeneza. Ishone mshazari kwa mshono mnyoofu, kutoka kona ya ndani mpaka ncha ya nje. Kabla hujakata kilichozidi, fungua uone imelala sawasawa mezani. Kisha pitisha zigizaga nyembamba kando ya mshono, ndipo ukate. Kona nne zote zimalizike hivyo kabla ya mshono wa urembo kuanza.

Sasa cherehani. Sindano mpya, namba 12 kwa tetroni au pamba nyepesi, 14 kwa marekani au kitani. Weka mguu ule wenye mfereji kwa chini, kama ulikuja nao, maana mshono uliojaa unahitaji nafasi ya kupita. Mguu wa kawaida utaukanyaga na utarundikana. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, mpaka uzi wa juu uonekane kidogo upande wa nyuma na uzi wa bobini usionekane kabisa mbele. Bobini ijaze uzi mwembamba mweupe. Usivute kitambaa kwa nyuma hata kidogo. Iongoze mikono, meno yafanye kazi yao.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichokunjwa kikawa tabaka tatu chenye lesi chini, vilevile kama kazi yenyewe. Shona mapambo kumi, pima, gawanya kwa kumi. Tuseme pambo moja limechukua sentimita 2.4. Upande wa 188 utachukua mapambo 78 na kubaki milimita nane. Milimita nane hizo zigawanye kwa kurefusha mshono kidogo sana, au acha kona wazi na mwishoni ushone ua moja dogo kila kona, maua manne yanayofanana. Mimi napenda ua la kona. Linafunika upungufu na linaonekana limepangwa.

Ile mistari miwili ya katikati iache. Sahani zitaikwangua, uma zitainasa, na nyuzi ndefu za urembo hukatika hapo kwanza. Ukitaka mstari wa pili sana, uweke kwenye sehemu inayoning'inia, sentimita chache juu ya upindo, mahali mtu aliyekaa anapouona. Chini yake weka karatasi nyembamba isiyoandikwa, shona juu yake, kisha ichane taratibu. Usitumie gazeti; wino utabaki kwenye kitambaa. Au tia dondo kabla ya kushona: kijiko kimoja cha wanga wa muhogo ukikoroge kwa maji baridi, ukimimine kwenye lita moja ya maji yanayochemka, koroga mpaka kiwe angavu. Chovya, anika, piga pasi kikiwa na unyevu. Kitasimama kama karatasi na sindano itafurahi. Ila kifue kabla ya kukiweka kabatini, maana mende wanapenda wanga.

Bi Fundi, salaam aleikum. Mimi ninayo cherehani ya miguu tu, Butterfly ya marehemu mama. Haina zigizaga wala mshono wa maua. Je, ninunue nyingine au nayo inaweza? Msomaji, Tanga.

Waaleikum salaam dada yangu. Usiiuze na usiidharau. Mmarekani Helen Augusta Blanchard alipata hataza ya mashine ya zigizaga mwaka 1873, na hata baada ya hapo nyumba nyingi duniani ziliendelea na mshono mnyoofu kwa miongo mingi. Watu walitarizi nazo mashuka, mito na vitambaa vya makochi.

Lesi ishike kwa mistari miwili myembamba, milimita tatu kati yake, mmoja ukingoni mwa upindo na mwingine ndani. Mishono mifupi, sawa sawa. Nakwambia kweli, mistari miwili iliyonyooka ina heshima kuliko maua ya mashine yaliyopinda.

Kwa urembo wenyewe kuna njia ninayoipenda sana na sasa imeanza kusahaulika. Chukua uzi mnene wa kufumia, uzungushe kwa mkono kwenye bobini. Legeza kidogo skrubu ndogo ya kikombe cha bobini mpaka uzi utoke bila kugoma. Chora mstari upande wa nyuma wa kitambaa, na ushone huku nyuma ikiwa juu. Ukigeuza, mbele utakuta uzi mnene umelala kama kamba nyembamba iliyobanwa na uzi wa juu. Unaweza kuchora mawimbi, shina na majani, chochote ambacho mkono wako unaweza kugeuza polepole. Nunua kikombe cha pili kwa kazi hii, ili kile cha kila siku kibaki na mkazo wake.

Ukizoea, ingia kwenye kutarizi huru. Toa mguu wa kukandamizia, shusha meno; cherehani nyingine zina kidude cha kuyashushia, zisizo nacho funika meno kwa bati jembamba lenye tundu la sindano. Bana kitambaa kwenye fremu ya duara, kiwe kimekaza na kimegusa meza ya mashine. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama: hata kama mguu umeutoa, mkono wa kuushushia lazima uushushe. Usipoushusha, uzi wa juu hauna mkazo na chini utapata kichaka cha nyuzi. Miguu iende kwa mwendo mmoja, mikono ndiyo iende taratibu. Anza na majani kabla ya maua, kwa sababu jani husamehe.

Bi Fundi nisaidie haraka. Nimeshona urembo mwekundu juu ya kitambaa cheupe cha pamba chenye lesi ya nailoni, nikafua, wekundu umetoka na kuingia kwenye weupe. Nimwagie jiki? Msomaji, Mombasa.

Hapana, mwanangu, jiki usiiguse. Itaondoa wekundu wa uzi wenyewe, na nailoni hugeuka manjano kwa klorini.

Kama kitambaa bado kimelowa, uko salama zaidi. Usikianike na usikipige pasi, maana joto hukaza rangi. Kitie kwenye beseni kubwa, maji mengi, sabuni nyingi, kiloe mpaka uone maji yamebadilika. Mwaga, weka mapya, rudia mpaka maji yabaki meupe. Wingi wa maji ndio siri, kwa sababu kwenye maji machache rangi iliyotoka inarudi kwenye weupe ulio jirani. Kisikunjwe ndani ya beseni, kiwe huru. Ikibaki doa hafifu, tumia dawa ya kuondoa madoa isiyo na klorini, ile ya nguo za rangi, na ijaribu kwanza kwenye kona ya ndani.

Uzi mwekundu, wa bluu iliyokolea na mweusi nauogopa siku zote mpaka nimeupima. Lowesha kipande cha uzi kwa maji ya moto, ukibane kwenye tambara jeupe, ukipige pasi. Tambara likipata rangi, rudisha uzi dukani. Uzi wa polista wa kutarizia ndio unaostahimili kufuliwa mara kwa mara. Wa rayoni una mng'ao mzuri zaidi, lakini hupoteza nguvu unapolowa, kwa hiyo uweke kwenye mto wa pambo na si kwenye kitambaa cha kulia.

Meza yangu ni ya duara, kipenyo sentimita 120. Lesi mita ngapi? Msomaji, Dodoma.

Ukitaka mning'inio wa 25, kipenyo cha jumla ni 170. Lesi ya 7 ikiwa sita zinaonekana, kitambaa chenyewe ni 158. Zidisha kwa 3.14, unapata 496, karibu mita tano. Lakini lesi bapa pana haitakaa kwenye duara bila kujikunja, kwa hiyo chukua yenye marinda tayari, au nunua mara moja na nusu ya urefu huo uitie marinda mwenyewe. Upindo wa duara uwe mwembamba, nusu sentimita, la sivyo utapata mikunjo. Kukata, kunja kitambaa mara mbili kiwe tabaka nne, funga chaki kwenye uzi, shikilia ncha kwenye kona ya mkunjo, uchore robo ya duara.

Shikamoo mama. Nimemaliza chuo cha ushonaji na wateja wameanza kuniletea vitambaa vya meza. Wanasema "ni mraba tu huo" na wanataka kulipa kama foronya. Nitoze vipi? Fundi kijana, Kigoma.

Marahaba baba. Usibishane nao juu ya mraba. Waonyeshe kingo. Foronya ina mzunguko mdogo na haina lesi ya kugeuza konani. Kitambaa cha meza ya watu sita kina mita sita na zaidi za upindo, na kila mita inapita mkononi mwako mara nne: pasi, bandi, mshono, kufumua bandi.

Kwa hiyo toza kwa mita ya ukingo. Chukua saa yako, shona mita moja ya lesi na urembo kama utakavyoifanya kweli, uone imechukua muda gani, uipe bei kulingana na unacholipwa kwa muda kama huo ukishona sare au gauni. Zidisha kwa mzunguko. Kona ziweke bei yake pembeni, kila moja, kwa sababu kona moja nzuri inaweza kula muda wa mita nzima. Uzi wa urembo pia uuhesabu peke yake. Mshono uliojaa unameza uzi mara nyingi kuliko mshono mnyoofu, na fundi asiyeuhesabu hujikuta amenunua rola mbili kutoka mfukoni mwake. Kuloweka na kukausha lesi nako ni kazi. Mteja akitaka kuloweka mwenyewe nyumbani, mpunguzie, lakini hakikisha imeloa kweli kabla ya kuipokea.

Kisha shona kona moja tu kwenye kitambaa kidogo, na lesi yake na ua lake, uitundike ukutani penye cherehani. Mteja akisema ni mraba, mpe aishike na umtajie bei ya mita.